Nani Alimhitaji Mkemia? Historia ya Shahada ya Kemia Nchini Tanzania

Historia ya shahada ya kemia nchini Tanzania haieleweki kwa kusoma mitaala peke yake, kwa sababu masharti ya kuingia katika masomo hayo, ambayo huitwa sifa za udahili, yalifuata tangu mwanzo haja ya yule aliyekusudia kumwajiri mhitimu. Kwa nyakati tofauti mwajiri huyo alikuwa serikali ya kikoloni, kisha serikali ya nchi huru, kisha mashirika ya umma yaliyomiliki viwanda, na hatimaye soko la ajira ambalo halina ofisi moja wala mpango mmoja. Kila mwajiri alipobadilika, mlango wa chuo ulipanuliwa au kubanwa, na njia za masomo ya juu zikageuka pamoja nao. Hata hivyo, palikuwa na mwajiri mmoja ambaye hakuondoka katika awamu yoyote, naye ni shule ya sekondari. Na anayepima thamani ya shahada hii kwa idadi ya viwanda humwacha nje mtu ambaye ndiye hasa aliyeibeba, yaani mwalimu wa kemia.

Kemia kama kazi ya maabara ilitangulia chuo kikuu kwa zaidi ya nusu karne. Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali iliyopo Dar es Salaam huhesabu mwanzo wake kuanzia mwaka 1895, wakati wa utawala wa Wajerumani, ilipokuwa kituo cha kuchunguza magonjwa ya nchi za joto. Mwaka 1902 ikaanzishwa taasisi ya utafiti wa biolojia na kilimo huko Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, ikiwa na maabara yake ya kemia na mashamba mapana ya kujaribia mimea iliyoletwa kutoka pande nyingi za dunia. Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka na bidhaa za Ulaya zikakoma kufika kwa meli, Amani ilitengeneza kwinini kutokana na magome ya msinkona, mti wenye asili ya Amerika Kusini, na dawa hiyo ikatumika kupambana na malaria katika jeshi la Wajerumani. Tukio hilo linastahili kukumbukwa kuliko linavyokumbukwa, kwa kuwa linaonyesha kwamba kemia ya kiwango cha juu iliwezekana katika ardhi hii, kwa malighafi iliyooteshwa humu humu, miongo mingi kabla ya kuwapo kwa Mtanganyika mwenye shahada. Waafrika walikuwamo katika maabara hizo, lakini kwa nafasi za usaidizi. Walipima, walichemsha, walichuja na kuosha vyombo, na elimu ya wakati huo haikuwa na ngazi ambayo ingewatoa katika kazi hizo na kuwafikisha kwenye nadharia iliyokuwa nyuma yake.

Ngazi hiyo ilijengwa kwanza Uganda. Makerere ilianza mwaka 1922 ikiwa shule ya ufundi, ikakua hadi kufundisha wasaidizi wa tiba, wa kilimo na walimu kutoka Uganda, Kenya, Tanganyika na Zanzibar, na mwaka 1949 ikawa chuo kikuu kishiriki kilichofungamana na Chuo Kikuu cha London, kwa maana kwamba wanafunzi walisoma Kampala lakini shahada zilitolewa kwa jina na kwa viwango vya London. Kwa kijana wa Tanganyika njia ya kwenda huko ilipitia shule chache, Tabora, Pugu na Minaki zikiwa miongoni mwake, na mtihani uliompima ulitungwa na kusahihishwa Cambridge. Kwa kuwa kidato cha tano na cha sita havikuwapo Tanganyika hadi mwishoni mwa miaka ya 1950, aliyefaulu mtihani wa darasa la kumi na mbili alianza Makerere kwa masomo ya maandalizi kabla ya kuruhusiwa kuingia katika shahada yenyewe. Masomo ya sayansi yalikuwa pia mlango wa kuingilia udaktari, na jambo hili liliacha alama ya kudumu katika historia ya kemia ya Afrika Mashariki: somo hili lilithaminiwa zaidi kama daraja la kuelekea taaluma nyingine kuliko kama taaluma inayojitegemea. Wale ambao hawakuwa madaktari, kwa sehemu kubwa, walirudi darasani. Julius Nyerere mwenyewe, aliyeingia Makerere mwaka 1943 na kupata stashahada ya ualimu, alirejea Tabora kufundisha, na biolojia ilikuwa miongoni mwa masomo yake. Kwa msomi wa Kiafrika wa enzi hiyo sayansi iliishia shuleni kwa sababu hapakuwa na mahali pengi pengine pa kuipeleka.

Nairobi ilifuata njia iliyoelekea ufundi zaidi. Chuo cha Kifalme cha Ufundi kilichofunguliwa mwaka 1956 kilikusudiwa kuhudumia uchumi uliokwisha kuwa na kazi za kemia, kwani magadi ya Ziwa Magadi yalikuwa yakichimbwa na kusafirishwa kwa reli tangu miaka ya mwanzo ya karne ya 20, na pareto, maua yanayotoa kiuawadudu, yalikuwa zao kubwa la nyanda za juu za Kenya. Tanganyika haikuwa na kiwanda cha namna hiyo cha kusukuma mahitaji ya wakemia, na ndiyo sababu kemia ilipoingia katika chuo chake ilisukumwa na serikali.

Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam kilifunguliwa Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, kikiwa na kitivo kimoja tu, cha sheria, katika jengo la chama cha TANU lililopo mtaa wa Lumumba. Mwaka 1963 kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi, mwaka uliofuata kikahamia Mlimani, eneo ambalo jina lake limekuwa pia jina la chuo chenyewe katika mazungumzo, na mwaka 1965 kikaanzisha Kitivo cha Sayansi, ambamo kemia ilifundishwa pamoja na fizikia, hisabati, botania na zuolojia. Kuchelewa kwa sayansi kulitokana na gharama, kwa kuwa sheria yahitaji vitabu na walimu, ilhali kemia yahitaji pia gesi, maji safi, mizani nyeti, vyombo vya kioo na bajeti ya kila mwaka ya kununua kemikali zinazokwisha. Serikali ilikubali kubeba gharama hiyo kwa sababu Mpango wa Kwanza wa Maendeleo wa Miaka Mitano, uliozinduliwa mwaka 1964, ulitaka nchi ijitosheleze kwa wataalamu wa ngazi ya juu ifikapo mwaka 1980, na mahitaji hayo yalikwisha kuorodheshwa kwa kazi na kwa idadi. Mwanafunzi alilipiwa masomo yake yote, naye akaahidi kuitumikia serikali kwa miaka mitano baada ya kuhitimu; nafasi za masomo zilipangwa kwa kufuata mpango huo, na mhitimu alipangiwa kituo cha kazi bila kuandika barua ya maombi. Kwa lugha ya leo, udahili na ajira vilikuwa tendo moja lililogawanywa na miaka mitatu ya masomo.

Ili kuelewa ni nani aliyeweza kuingia, hapana budi kuelewa tahasusi, ambayo kwa muda mrefu imeitwa pia mchepuo au, kwa maneno ya wanafunzi wenyewe, kombi. Huu ni mkusanyiko wa masomo matatu makuu ambayo mwanafunzi husoma kwa miaka miwili ya kidato cha tano na cha sita, na hutajwa kwa herufi za kwanza za majina ya masomo hayo kwa Kiingereza: PCM ni fizikia, kemia na hisabati, PCB ni fizikia, kemia na biolojia, CBG ni kemia, biolojia na jiografia. Utaratibu huu ulirithiwa kutoka mtihani wa Cambridge, ukasimamiwa na Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki kuanzia mwaka 1967, na baada ya Tanzania kujitoa mwaka 1971 ukawa chini ya Baraza la Mitihani la Tanzania, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1973. Kwa hiyo uamuzi wa kusoma kemia chuoni ulifanywa kwa kweli mwanafunzi akiwa na umri wa miaka 16 au 17, na mara nyingi haukufanywa na mwanafunzi mwenyewe, kwani serikali ndiyo iliyompangia shule na mchepuo kwa kuangalia matokeo yake ya kidato cha nne. Aliyepangiwa masomo ya sanaa hakuwa na njia ya kurejea kwenye kemia, hata kama akili yake ilikuwa huko. Kizuizi kingine kilikuwa mtihani wa vitendo, ambao humtaka mtahiniwa apime kiasi cha asidi au besi katika kimiminika kwa kutumia bureti, na kutambua chumvi asiyoambiwa jina lake kwa kuitazama rangi, harufu na mabadiliko yake inapochanganywa na kemikali nyingine. Shule isiyo na maabara ilimpeleka mwanafunzi wake kwenye mtihani huo akiwa amevisoma vyombo hivyo kwenye michoro, na kwa muda fulani ngazi ya kidato cha nne ilikuwa na mtihani mbadala ulioulizia majaribio kwa maandishi bila kuyafanya. Hapa ndipo udahili wa shahada ya kemia umeamuliwa zaidi kuliko katika ofisi yoyote ya chuo.

Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilijaribu kuubadilisha mlango huo kwa namna ambayo haijapata kurudiwa. TANU iliamua kwamba vijana wasiende chuo kikuu moja kwa moja kutoka kidato cha sita, bali wafanye kazi kwanza, na waingie chuoni kwa kupendekezwa na wakuu wao wa kazi na chama, ili elimu ya juu iwe ya watu waliokwisha kuijua nchi yao. Nia hiyo ilikuwa ya heshima, nayo ilitokana na fikra zilezile za sera ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967. Lakini kemia na hisabati huumia kuliko masomo mengine mwanafunzi anapokaa mbali nayo, kwa sababu ujuzi wake umejengwa hatua juu ya hatua, na kijana aliyekaa miaka miwili katika ofisi ya wilaya alirejea akiwa amesahau milinganyo aliyoimudu alipofanya mtihani. Masharti yalianza kulegezwa kwa makundi mbalimbali, wanawake wakiwamo, kabla ya miaka ya 1970 kwisha, na katika miaka ya 1980 udahili wa moja kwa moja ukarejea.

Katika miaka hiyohiyo ndipo ilipoonekana kwamba viwanda vingekuwa mwajiri mkubwa wa mkemia. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha TIPER huko Kigamboni na kiwanda cha saruji cha Wazo vilianza mwaka 1966, kiwanda cha nguo cha Urafiki kikafuata mwaka 1968, na kiwanda cha mbolea cha Tanga kikaanza uzalishaji mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kila kimoja kilikuwa na maabara ya kudhibiti ubora, ambamo mkemia alipima kiasi cha chokaa katika saruji, uthabiti wa rangi katika kitambaa, au kiasi cha naitrojeni na fosfati katika mbolea. Hatua ya kuanzisha Shirika la Viwango mwaka 1975 na shirika la utafiti wa viwanda, TIRDO, mwaka 1979 ilikamilisha picha ya nchi iliyotarajia kuwa na wakemia kwenye kila mnyororo wa uzalishaji. Picha hiyo haikudumu. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, bei ya mafuta na upungufu wa fedha za kigeni vilivikosesha viwanda vipuri na malighafi. Kiwanda cha mbolea cha Tanga, kilichotegemea malighafi ya kuagizwa nje, kilikuwa kimefungwa mapema katika miaka ya 1990, na kuanzia mwanzo wa miaka hiyo mashirika ya umma yalianza kubinafsishwa. Ni haki kusema kwamba wakemia hawakushindwa na kazi. Kazi ndiyo iliyoondolewa chini yao, na hasara hiyo haijapimwa inavyostahili, kwa kuwa kiwanda kinapofungwa huonekana mashine zilizosimama, lakini haionekani miaka ya uzoefu ambayo mkemia wake asingeweza kuirithisha kwa mwingine.

Shule haikufungwa. Tangu miaka ya 1960 Mlimani ilikuwa na shahada ya sayansi pamoja na elimu, ambapo mwanafunzi alisoma masomo mawili ya kufundishia, kwa mfano kemia na biolojia au kemia na hisabati, sambamba na saikolojia ya elimu na mbinu za kufundisha, kisha akapelekwa shuleni kwa mazoezi. Chini yake kulikuwa na vyuo vya ualimu vilivyotoa stashahada, Mkwawa mjini Iringa kikiwa maarufu kati yake, ambavyo vilimchukua aliyemaliza kidato cha sita na kumpeleka darasani haraka zaidi, huku vikimwachia njia ya kurudi chuo kikuu baadaye. Njia hii ya kupanda kwa hatua, kutoka stashahada hadi kazi, kutoka kazi hadi shahada, imewatoa wakemia wengi wa Tanzania. Mfano unaojulikana zaidi ni wa John Magufuli, ambaye kabla ya kuwa Rais wa nchi mwaka 2015 alisomea ualimu Mkwawa, akafundisha kemia na hisabati katika shule ya sekondari ya Sengerema, akahitimu shahada ya sayansi na elimu Mlimani mwaka 1988, akawa mkemia katika Chama Kikuu cha Ushirika cha Nyanza hadi mwaka 1995, akapata shahada ya uzamili katikati ya kipindi hicho na shahada ya uzamivu mwaka 2009. Maisha yake ya kisiasa yana historia yake nyingine; katika historia hii muhimu ni kwamba ndani ya mtu mmoja zimekutana karibu kazi zote ambazo shahada hiyo ilifungua, na ya kwanza kati yake ilikuwa ualimu.

Masomo ya juu, yaani uzamili na uzamivu, yalikuwa kwa miaka mingi safari ya kwenda ng'ambo. Mhitimu aliyefanya vizuri alibakizwa chuoni kama mkufunzi msaidizi, akapelekwa Ulaya au Amerika Kaskazini kwa ufadhili, na alipaswa kurudi kufundisha. Wengi walirudi, ingawa mishahara iliyonyauka katika miaka ya 1980 iliwasukuma baadhi yao kwenda kufundisha nchi za kusini mwa Afrika. Waliorudi walikuta vifaa haba, na ni uhaba huo uliowalazimisha kuuliza swali bora zaidi: ni utafiti gani wa kemia ambao Dar es Salaam yaweza kuufanya kwa sababu ya mahali ilipo? Jibu lilikuwa mimea. Mwaka 1984 wakemia wa kanda hii walianzisha NAPRECA, mtandao wa utafiti wa misombo asilia kwa Afrika Mashariki na ya Kati, ambao uliunganisha maabara za Dar es Salaam, Addis Ababa na nchi nyingine ili mwanafunzi aweze kupima sampuli yake palipo na chombo, hata kama si katika nchi yake. Misombo asilia ni kemikali ambazo mmea hujitengenezea wenyewe, na kazi ya mkemia ni kuzitenga moja moja kutoka katika majani, magome au mizizi, kubaini umbo la molekuli zake, na kujua ni ipi inayoua vimelea. Mayunga Nkunya, profesa wa Mlimani aliyekuwa miongoni mwa viongozi wa mtandao huo, alichunguza mimea ya Tanzania ya jenasi Uvaria na kupata humo misombo inayodhuru vimelea vya malaria. Tasnifu ya Magufuli nayo ilihusu asidi inayopatikana katika mafuta ya ganda la korosho na uwezo wake wa kuzuia chuma kisipate kutu, jambo lenye maana kubwa katika nchi ambayo Mtwara na Lindi huvuna korosho kwa wingi lakini sehemu kubwa ya zao hilo imekuwa ikisafirishwa nje bila kubanguliwa, ganda likienda pamoja na kokwa. Utafiti wa aina hii, kwa uhalisi wake, unaendeleza kile kilichofanywa na Amani kwa magome ya msinkona, isipokuwa kwamba sasa anayeuliza swali ndiye mwenyeji.

Miaka ya 1990 ilitenganisha tena udahili na ajira. Uchangiaji wa gharama ulimtaka mwanafunzi alipe sehemu ya masomo yake, upangaji wa wahitimu katika vituo vya kazi ukakoma kwa kazi nyingi, na mhitimu wa kemia akajikuta, kwa mara ya kwanza tangu Uhuru, akitafuta kazi kwa miguu yake. Wanawake walikuwa bado wachache katika sayansi, na mwishoni mwa muongo huo Mlimani ilianzisha masomo ya maandalizi kwa wasichana waliokuwa na ufaulu wa kutosha lakini ambao ushindani uliwaacha nje. Walifundishwa kwa wiki kadhaa, wakapimwa, na waliofaulu wakadahiliwa. Hatua hiyo ilipingwa na baadhi ya watu kama upendeleo, ingawa kwa kweli ilirekebisha kidogo tu kile ambacho shule zisizo na maabara zilikuwa zimeharibu. Kazi mpya zilitoka kusikotarajiwa. Mgodi wa dhahabu wa Geita ulifunguliwa mwaka 2000 na wa Bulyanhulu mwaka uliofuata, na migodi ya aina hiyo huhitaji wakemia wa kupima kiasi cha dhahabu katika mawe na kusimamia sianidi, sumu inayotumika kuyeyusha dhahabu ili itenganishwe na udongo wake. Sheria ya kemikali za viwandani na majumbani ya mwaka 2003 na ile ya vinasaba vya binadamu ya mwaka 2009 zilimwongezea Mkemia Mkuu wa Serikali majukumu, na mamlaka za kudhibiti dawa, vyakula na mazingira zikaajiri watu waliokuwa na ujuzi uleule. Mkemia wa zama hizi, tofauti na wa zama za Urafiki na Tanga, alikuwa zaidi mkaguzi wa vilivyotengenezwa na wengine kuliko mtengenezaji.

Sheria ya mwaka 2004 iliunda Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, na ya mwaka 2005 ikaunda Tume ya Vyuo Vikuu, ambayo mwaka 2010 ilianzisha mfumo wa pamoja wa udahili uliowapanga waombaji wa vyuo vyote kutoka mahali pamoja, hadi mwaka 2017 vyuo viliporudishiwa kazi ya kupokea maombi moja kwa moja. Kigezo cha chini kikawekwa kwa pointi, ambapo alama A katika kidato cha sita huhesabiwa 5, B 4, C 3, D 2 na E 1, na mwombaji wa shahada nyingi hutakiwa kupata jumla isiyopungua 4.0 katika masomo mawili yanayohusika na shahada anayoiomba. Mwenye stashahada hupimwa kwa wastani wa alama zake, na mlango wa Mkwawa wa zamani ukabaki wazi kwa sura hiyo. Kuongezeka kwa vyuo, ikiwamo Dodoma iliyoanza mwaka 2007 na Mkwawa yenyewe iliyopandishwa mwaka 2005 kuwa chuo kikuu kishiriki cha elimu, kulipanua nafasi, huku shule za kata zilizojengwa kwa wingi tangu mwaka 2004 zikidai walimu wa sayansi kuliko wakati wowote uliopita. Kwa mantiki ya kawaida, mahitaji hayo yangemaliza tatizo la ajira la mhitimu wa kemia mwenye ualimu, lakini ajira za walimu hutegemea kibali cha serikali na bajeti yake, kwa hiyo imetokea kwamba shule haina mwalimu wa kemia na mwalimu wa kemia hana shule, wote wawili katika wilaya moja.

Mwaka 2016 Bunge lilipitisha sheria ya Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali na sheria ya wanataaluma wa kemia, na kwa sheria hiyo ya pili mkemia alipata baraza la kumsajili, kama walivyokwisha kupata madaktari, wahandisi na wafamasia kabla yake. Kwa taaluma iliyoanza Makerere kama daraja la kwenda kwenye udaktari, hilo lilikuwa tendo la kutambuliwa lililochelewa lakini lenye uzito. Miaka minane baadaye mlango wa kuingilia uliguswa tena: mwaka 2024, chini ya mitaala mipya, serikali ilitangaza tahasusi 65 za kidato cha tano mahali pa zile 16 zilizokuwapo, na kemia ikajikuta imewekwa pamoja na masomo ambayo PCM na PCB hazikupata kuyajua. Vyuo vikuu, vilivyozoea kuandika sifa za shahada ya kemia kwa kutaja michepuo ileile tangu enzi za Cambridge, sasa vinapaswa kuamua ni ipi kati ya tahasusi hizo mpya inamwandaa mtu kusoma kemia kwa miaka mitatu, na ni ipi inaibeba kama somo la kusindikiza tu.